Mzigo wa Katikati

Masan, 11 Aprili 2017

Pyo Jin-gyu,

Sikusalimu. Salamu ni dua, nami sikuombei lolote jema.

Naitwa Gwak Bok-hui. Siku ya hukumu ulipogeuka kuwainamia ndugu wa marehemu, uliinama mbele ya shangazi yake kwa sababu ndiye aliyekuwa akilia kwa sauti. Mimi silii kwa sauti, ndiyo maana hukunijua. Nilikuwa safu ya pili, mwenye koti la kijivu. Mimi ndiye mke wa Ma Dong-cheol, fundi wa kuchomelea, aliyeangukiwa na boriti ya winchi ya kuinulia vyuma kule karakana namba mbili Oktoba iliyopita. Boriti ilikuwa na siku tatu tu tangu ifungwe.

Wakubwa wa kampuni walikuja msibani na mashada ya maua marefu kuliko mlango wangu. Mkurugenzi Tak alinishika mikono miwili akasema, "Mama, ajali haina mwenyewe." Hakimu akasema inaye mwenyewe: ni mhandisi Pyo, aliyepiga hesabu na kugonga muhuri. Miaka miwili. Nimehesabu nikaona utatoka hata matanga hayajanitoka moyoni.

Nina duka la wali na supu ya nguruwe mkabala na lango la kampuni. Mafundi wanakula kwangu kila mchana, na kila mmoja ananiambia, "Mama Yeon-du, kompyuta ilisema inatosha." Haya, huyo kompyuta ni nani? Ana mama? Anakula wapi? Nataka unieleze jambo moja tu: chombo kisicho na roho kilijifunzaje kusema uongo?

Usinijibu kwa lugha ya wahandisi. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano. Na pole yako baki nayo.

Gwak Bok-hui

*

Gerezani, 24 Aprili 2017

Mama Yeon-du,

Naandika nikiwa nimepiga magoti. Najua hutaki kusikia hivyo, lakini meza hatuna.

Kompyuta haisemi uongo, na haisemi ukweli pia. Inaikata boriti vipande vidogo maelfu, kisha inahesabu kila kipande kinavyomsukuma jirani yake mpaka boriti nzima ipinde au igome. Hapo haikosei. Lakini kuna mambo mawili haiyajui mpaka mtu aiambie: mzigo unakaa wapi, na boriti imeshikwa vipi kwenye ncha zake. Ukiiambia vingine, itakupigia hesabu sahihi ya boriti ambayo haipo duniani.

Chukua rula ndefu ya chuma. Ilaze juu ya matofali mawili, ncha zikae tu. Ning'iniza kitu katikati uone inavyopinda. Kisha bana ncha zote mbili kabisa zisiweze kuinuka, uning'inize kitu kile kile. Itapinda robo tu ya pale mwanzo.

Kule karakana namba mbili boriti ilikuwa imekaa tu juu ya mikono miwili ya chuma iliyotoka ukutani, bolti mbili huku, mbili kule. Lakini katika hesabu iliyoidhinishwa, ncha zimeandikwa kwamba zimezikwa ukutani. Ndiyo maana ilisema inatosha.

Mkono ulioandika hivyo si wangu. Barua hizi zinasomwa, siwezi kusema zaidi.

Pyo Jin-gyu

*

Masan, 6 Mei 2017

Pyo,

Nimefanya. Rula aliitoa Yeon-du kwenye begi lake la chuo, vibano vya fundi nikaazima kwa mzee Bong wa mabomba, na kitu cha kuning'iniza kilikuwa mfuko wa chumvi. Wateja walidhani nimerukwa na akili. Mmoja akaniambia, "Mama, supu inachemka, wewe unacheza?" Nikamwambia, kula unyamaze, nasoma uhandisi.

Ulisema kweli. Ikiwa imekaa tu, ilipinda kama mgongo wa bibi. Ilipobanwa, ilitikisika kidogo ikatulia.

Sasa usinitupie nusu mfupa. Kama mkono si wako, ni wa nani? Unaogopa wanaosoma barua? Wewe umeshafungwa, utafungwa tena wapi? Mume wangu alikuwa na jina, nami nalitaja kila siku. Huyo mwenye mkono naye mama yake alimpa jina. Liandike.

Gwak Bok-hui

*

Gerezani, 19 Mei 2017

Mama Yeon-du,

Ni Tak. Mkurugenzi Tak huyo huyo aliyekushika mikono.

Agosti ya mwaka ule ule wa ajali, tarehe kumi na moja, alikuja akasimama nyuma ya kiti changu. Kwenye kioo hesabu yangu ilikuwa inasoma mia na ishirini kwa rangi nyekundu. Mia ndiyo mwisho unaoruhusiwa, kwa hiyo boriti ilikuwa haifai. Akaniambia, "Pyo, chuma kimeshakatwa. Unataka nikile?"

Nikasema, "Mkurugenzi, inabidi boriti nene zaidi."

"Bana ncha."

"Nizibane kwa nini? Pale pana bolti mbili tu."

"Kwa kidole chako. Bonyeza."

Sikubonyeza. Kesho yake nilikwenda kijijini kwa ibada ya kumkumbuka mama. Niliporudi, hesabu ilikuwa imebadilishwa, ncha zimebanwa, namba ni themanini na rangi ni kijani. Ripoti imegongwa muhuri wangu, ambao Tak ana ufunguo wa droo unamokaa. Kosa langu ni kwamba nilinyamaza. Hata kesi ya kwanza nilinyamaza, kwa kuwa wakili alikuwa wa kampuni, na Tak alinituma neno: "Vumilia, utapewa kifungo cha nje, kazi yako itakungoja." Nikauzwa mchana kweupe nikiwa nimeshika bei yangu mwenyewe mkononi.

Sasa sina usingizi wala sina njaa. Ninachotaka ni kimoja: Tak alale kwenye godoro hili hili, aoshe bakuli hili hili. Nawe unataka hivyo hivyo, najua.

Dada yangu, Mi-ok, anaishi Jinhae. Analo boksi la karatasi zangu za ofisini. Humo mna karatasi ya tarehe kumi na mbili Agosti, na pembeni Tak ameandika kwa penseli, "Zibanwe," akatia sahihi. Akiipeleka dada yangu, watasema ameighushi. Ukiipeleka wewe, mjane, hakimu wa rufaa atainua macho. Chukua karatasi hiyo moja. Na ukiona nastahili, uandike barua fupi ya kuniombea nafuu. Neno la mfiwa lina uzito kuliko mawakili kumi.

Pyo Jin-gyu

*

Masan, 3 Juni 2017

Pyo,

Nimesoma barua yako mara nne, mara ya nne kwa miwani ya marehemu.

Tak alikuja dukani wiki hii. Akala, akasifu kimchi yangu ya kabichi, akauliza kama Yeon-du anahitaji kazi ya ofisini. Nilimmiminia supu nikitazama utosi wake. Nilikuwa na upawa wa moto mkononi, na kwa muda kama wa kuvuta pumzi sikuwa na hakika nitaumwaga wapi. Nikaumwaga kwenye bakuli. Kwa hiyo usinifundishe kumchukia, hapo nimeshakupita.

Lakini kuna kitu kimenikwama kooni. Baba Yeon-du alizoea kusema chuma si tofu ya kuvunjika kwa kijiko. Alisema wahandisi wanaweka mwisho wao mahali, lakini chuma chenyewe kinaweza kwenda mbele zaidi kabla hakijakubali kupinda moja kwa moja, kwamba kuna akiba. Nimewauliza mafundi wawili wazee, wakasema ndiyo, kama wewe umeweka mia, chuma kinafika hata mia na sitini. Sasa hesabu yako ilisoma mia na ishirini. Hiyo ni mbaya, sikatai. Lakini ya kuanguka siku ya tatu?

Nakuuliza mara moja, sitarudia. Kuna jambo jingine? Nikilisikia kutoka kwako litakuwa kitu kimoja. Nikilisikia kwingine litakuwa kitu kingine.

Gwak Bok-hui

*

Gerezani, 15 Juni 2017

Mama Yeon-du,

Hakuna jambo jingine.

Inawezekana winchi ilishtuka wakati wa kuinua, mzigo ukayumba, na mzigo unaoyumba huwa mzito kuliko ulivyo. Inawezekana pia chuma chenyewe kilikuwa duni, kwa kuwa Tak ndiye aliyekuwa akinunua. Sikuwepo siku hiyo, siwezi kuapa. Lakini shina la yote ni zile ncha zilizobanwa kwa kidole.

Nakusihi tusipoteze muda kwenye matawi. Rufaa inasikilizwa tarehe 14 Septemba. Tak anakula kimchi yako, Mama. Anakaa kwenye kiti ambacho pengine mumeo alikikalia. Mfikirie huyo.

Pyo Jin-gyu

*

Jinhae, 2 Julai 2017

Kaka,

Hujambo huko? Soksi umezipata? Nimekutumia jozi tatu, moja ni nzito ingawa ni kiangazi, najua miguu yako.

Yule mama wa Masan amekuja jana. Mfupi, mikono mikubwa, hacheki. Kaniletea supu kwenye chombo, kakaa sakafuni bila kuombwa, kaniambia, "Boksi liko wapi?" Nikamwonyesha karatasi ile uliyosema, ya tarehe kumi na mbili, nilikuwa nimeshaitoa kabisa. Akaitazama, akaitia kwenye mkoba. Kisha akasema, "Na nyingine."

Nikamwambia, "Kaka amesema hiyo moja tu."

Akasema, "Mimi ni mpishi, dada. Sinunui kichwa cha nguruwe bila kumwona nguruwe."

Kaka, ningefanyaje? Mume wake amekufa. Alilibeba boksi zima kichwani mpaka kituo cha basi, akakataa nimsaidie. Alinishukuru vizuri sana kwa supu yake mwenyewe niliyompashia. Sijui kwa nini nilipofunga mlango nilijisikia nataka kulia.

Niambie kama nimekosea.

Mi-ok

*

Masan, 20 Julai 2017

Pyo,

Karatasi ya Tak ninayo. Wakili wa chama cha mafundi ameiona, na mtaalamu wa mwandiko amesema penseli ile ni ya Tak. Itawasilishwa.

Barua uliyoniomba nimeiandika.

Tarehe 14 Septemba nitakuwa mahakamani. Nyoa ndevu.

Gwak Bok-hui

*

Gerezani, 28 Julai 2017

Mama Yeon-du,

Nimesoma barua yako nikaweka kichwa sakafuni. Mwenzangu wa chumba akauliza kama nimepata msiba. Nikamwambia, nimepata mama.

Dada yangu ameniandikia kwamba ulichukua boksi zima. Si neno, lakini zile nyingine ni takataka tu, majaribio ya mwanzomwanzo ambayo kila mhandisi huyatupa. Usijichoshe nazo, na wala usimchoshe wakili. Zitamchanganya hakimu.

Kila asubuhi sasa naamka nikiona uso wa Tak wakati jina lake likisomwa. Nataka awe amevaa ile tai yake ya zambarau. Nataka mke wake awepo. Nataka atafute mtu wa kumshika mikono miwili asimpate.

Nikitoka, nitakuja kumwinamia mumeo kaburini.

Pyo Jin-gyu

*

Gerezani, 13 Oktoba 2017

Gwak Bok-hui,

Leo mimi ndiye nisiyesalimu.

Hukumu ilisomwa jana. Rufaa yangu imetupwa, miaka miwili ni ile ile. Hakimu amesema angeongeza, ila sheria haimruhusu pale ambapo aliyekata rufaa ni mshtakiwa peke yake. Tak wamemkamata, ndiyo. Nilimwona akipitishwa koridoni. Nimengoja mwaka mzima kuiona sura ile, na ilipopita mbele yangu sikuhisi chochote, kwa sababu nilikuwa bado nasikia sauti yako.

Tarehe 14 Septemba ulisimama na karatasi tatu. Ya kumi na mbili ukaisoma, nikafunga macho nikakushukuru. Kisha ukasema, "Mheshimiwa, ninazo mbili zaidi, mwandiko ni wa huyu aliyekaa hapa." Ukazisoma polepole, kama mtu anayesoma bei za vyakula ukutani. Hukunitazama hata mara moja.

Ulinilisha kwa miezi mitano. Uliniita kwa jina langu, ukaniuliza maswali, ukanifanya nikufundishe kisu kinavyonolewa. Uliniandikia ninyoe ndevu. Ulijua tangu Julai. Ungeweza kuniambia.

Tak ndiye aliyekuwa mkubwa wangu. Chuma kilikuwa kimekatwa. Nilikuwa na mkopo wa nyumba na mke aliyekuwa tayari amefungasha. Hujui maana ya kusimamiwa nyuma ya kiti.

Umepata ulichotaka. Na uwe umeshiba.

Pyo Jin-gyu

*

Masan, 2 Novemba 2017

Pyo Jin-gyu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ilikuwa ibada ya mwaka wa kwanza ya Baba Yeon-du. Nilipika siku mbili. Mafundi walikuja wote wa karakana namba mbili, wakaacha viatu hadi kwenye ngazi za jirani.

Umeandika kwamba ulinifundisha. Basi kaa usikilize mwanafunzi wako alichojifunza.

Boksi nililipitia kwa siku tisa, baada ya kufunga duka la mchana. Karatasi nyingi sikuzielewa. Lakini michoro ina macho. Ya tarehe tisa Agosti ina boriti, ncha zimekaa tu kwenye mikono yake kama ilivyokuwa kweli, na katikati kuna mshale mmoja mkubwa unaoelekea chini. Namba ni mia mbili na arubaini. Pembeni kuna mwandiko wako: "Winchi ikisimama katikati. Haiwezekani." Ya tarehe kumi, boriti ni ile ile, ncha ni zile zile, lakini mshale mmoja umekuwa mishale midogo ishirini, imepangwa kutoka ukuta hadi ukuta kama meno ya kitana. Namba ni mia na ishirini. Sahihi ni yako. Tak hayumo.

Niliitazama ile michoro miwili mpaka chai ikapoa. Kisha nikaenda jikoni. Ubao wangu wa kuandalia, ukiuwekea sufuria ya supu katikati, unalia. Supu hiyo hiyo ukiigawa kwenye mabakuli ukayapanga ubao mzima, hausemi kitu. Watoto wangu wa kazi wote wanalijua hilo bila kompyuta. Lakini winchi haigawanyiki mabakuli, Pyo. Winchi inasimama mahali pamoja, na siku ile ilisimama katikati, na chini yake alikuwepo mtu amepiga magoti anachomelea.

Kwa hiyo hesabu ya kweli ilikuwa mia mbili na arubaini, na akiba ya chuma ilikuwa imekwisha zamani. Wewe ulitoa nusu ya kwanza. Tak alipokuja kusimama nyuma ya kiti chako alikuta meza imeshaandaliwa, akala kilichobaki. Yeye ni mwizi na nimemfunga kwa furaha. Lakini Tak hakuiona ile mia mbili na arubaini. Aliyeiona duniani ni mtu mmoja, akaandika kwa mkono wake kwamba haiwezekani, halafu akaiwezesha.

Mkopo, mke, mkubwa nyuma ya kiti, hayo ningeyaelewa. Unadhani mimi nimeishi wapi? Tarehe tatu Juni nilikuuliza kama kuna jambo jingine. Siku hiyo sikuwa na boksi, sikuwa na mchoro, nilikuwa na mashaka ya mpishi tu. Ungeandika mstari mmoja. Ukaniandikia winchi iliyoshtuka na chuma duni. Ukaniambia nimfikirie Tak. Ulinichukulia matanga yangu ukataka kuyafanya fimbo ya kumpigia adui yako, huku umejificha nyuma ya sketi yangu.

Ile barua ya kukuombea nafuu kweli niliiandika, tarehe ishirini na moja Mei, siku niliyopata yako ya kumtaja Tak. Kurasa mbili. Niliandika kwamba una mikono ya mwalimu. Nimeiweka bila sahihi, na wakili ameisoma, akasema ni barua nzuri, ingeweza kukupunguzia miezi minane. Nimeona ni haki ujue idadi.

Unaniuliza kama nimeshiba. Tak yuko ndani, wewe uko ndani, na asubuhi bado naosha bakuli mbili halafu nakumbuka. Hilo ni langu, halikuhusu. Lakini sitakudanganya kwamba najuta. Ulipofunga macho ukinishukuru, nilikuona. Nilikuwa nakutazama wakati huo, wewe ndiye uliyekuwa hutazami. Nikangoja uyafumbue ndipo nikaendelea.

Mi-ok nimemrudishia boksi lake na nimemwomba radhi. Yeye hakunikosea. Tumekula pamoja. Usimlaumu.

Utatoka Machi ya mwaka kesho kutwa. Uliandika kwamba utakwenda kaburini. Kaburi liko mlimani, mahali pa wazi kwa kila mtu, siwezi kukuzuia. Lakini njia ya kwenda huko inapita dukani kwangu, na mchana anayehudumia meza ni Yeon-du. Yeye hakuja mahakamani, sikutaka. Hakujui kwa sura. Ukiingia na njaa atakuvutia kiti, atakuwekea wali, atakuuliza kama unataka vitunguu zaidi, kwa sababu ndivyo baba yake alivyomlea.

Sitaki ule chakula hicho kwa mkono wake naye hajui anamlisha nani. Ukija, simama mlangoni, mvua iwe inanyesha au jua liwe linawaka, utaje jina lako lote na ulichofanya tarehe kumi Agosti. Kwa sauti, wateja wasikie. Kisha ngoja hapo hapo nje, na viatu vyako miguuni, mpaka mwanangu aseme mwenyewe kama uvivue.

Gwak Bok-hui